Kilele cha Margherita kina njia ya Kongo pia

Watu wakiongelea kupanda Rwenzori utasikia Uganda, Uganda, Uganda, wakati Margherita yenyewe, mita 5,109, ya tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, iko palepale mpakani na ukiteremkia magharibi uko Kongo. Na huko kuna njia yake kabisa, inaanzia Mutwanga ndani ya hifadhi ya Virunga, inapita vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo.

Uganda zinajulikana mbili. Ya zamani unatokea Nyakalengija, unapita vibanda vya John Matte na Bujuku, mpaka cha Elena mita 4,541, hapo ndo unalala kabla ya kwenda kileleni. Ingine inatokea Kilembe kwenye mgodi wa zamani wa shaba, ni ndefu zaidi. Zote matope, gambuti lazima, halafu juu unavaa buti zenye meno ya chuma, shoka la barafu mkononi, mnafungana kamba. Jamani huku sio Kilimanjaro, aliyefika Uhuru kwa kutembea tu asije na mawazo yaleyale, kwenye barafu ukiteleza unaenda na mwenzako.

Na barafu yenyewe inaisha. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi alipofika pale juu na Waitaliano wenzake, akakipa kilele jina la malkia wao, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu. Sa hivi ya maana iliyobaki ni kwenye mlima Stanley, huohuo wenye Margherita.

Kinachoniuma zaidi ni wapagazi na waongozaji wa Mutwanga. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu, lugha wanaelewana, mlima ni wao wote, lakini wa huku anapata wageni na wa kule anakaa tu kwa sababu ya vita vya waasi wa ADF huko Beni, upande wa Kongo. Simwambii mtu aende Mutwanga leo, usalama kwanza. Ila hata upande wa Uganda hifadhi ya Rwenzori ilifungwa 1997 kwa sababu ya waasi haohao wa ADF, ikafunguliwa 2001, wageni wakarudi. Kongo ameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, basi hizo hifadhi mbili zikae mezani kuanzia sasa zipange kibali kimoja, mtu apande kwa Mutwanga ashukie Nyakalengija, na hela ya wapagazi igawanywe pande zote mbili.