Probayotiki na mifupa baada ya kukoma hedhi: tuziamini kiasi gani?

Siku hizi vidonge vya probayotiki, yaani bakteria hai wanaoaminika kuwa na faida mwilini, vinauzwa kwa jina la kulinda mifupa na wanaolengwa hasa ni kina mama waliokoma hedhi, na kusema kweli wazo lenyewe lina msingi. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka ukuta wa utumbo nao unalegea, vitu vya bakteria vinapenya, kinga ya mwili inashtuka na kumwaga kemikali za uvimbe kama TNF, alafu hizo zinachochea osteoklasti, yaani zile seli zinazomega mfupa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria wowote hawakupoteza mfupa wa sponji, ule wa ndani wenye vitundu, hata homoni zilipozimwa, na panya wa kawaida waliopewa probayotiki walikingwa pia.

Sawa, ila panya ni panya. Kwa binadamu, mwaka 2018 Sweden walijaribu Lactobacillus reuteri kwa wanawake 90 wa miaka 75 hadi 80 wenye mifupa hafifu, na baada ya mwaka mmoja waliomeza bakteria walikuwa wamepoteza mfupa wa muundi karibu nusu tu ya wenzao waliopewa kidonge kitupu. Habari ikasambaa kweli kweli. Lakini 2024 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi, bakteria yuleyule, wanawake 239 wa miaka 50 hadi 60, miaka 2 mizima, dozi mbili tofauti, na hakukuwa na tofauti na waliopewa kidonge kitupu! Hii wauzaji hawaisemi, na inaniudhi sana maana anayenunua ana haki ya kujua.

Hata hivyo siwezi kusema mlango umefungwa, kwasababu mchanganyiko wa bakteria wengine watatu wa jamii hiyohiyo ya Lactobacillus uliojaribiwa kwa wanawake 249, matokeo 2019, ulipunguza upotevu kwenye uti wa mgongo. Kila aina ya bakteria ijibu yenyewe, ya huyu hayamhusu yule. Ila tofauti ilikuwa chini ya asilimia 1, na majaribio haya yalipima msongamano wa mfupa, hayakuwa makubwa kiasi cha kuonyesha nani alivunjika nyonga na nani hakuvunjika.

Mi naona kama kipimo cha DXA, ile eksirei ya kupima msongamano wa mfupa, kimeshaonyesha osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika, usiache alendroneti, dawa ya kuzuia mfupa kumegwa, uliyoandikiwa ukakimbilia kopo la bakteria. Alendroneti imethibitishwa kupunguza kuvunjika, probayotiki bado.