Alichobadilisha Grüninger ni tarehe tu

Juzi jamaa mmoja tuliyekuwa tukibishana naye kuhusu wakimbizi alinifungia mjadala kwa maneno matatu: sheria ni sheria. Tulikuwa tunamzungumzia Paul Grüninger, aliyekuwa kamanda wa polisi wa jimbo la St. Gallen, Uswisi, na aliyewasaidia Wayahudi waliowakimbia Wanazi kubaki humo. Kwa jamaa yule, Grüninger alighushi nyaraka za serikali, basi kufukuzwa kazi alistahili. Nimelala na hasira, nimeamka nayo.

Kughushi alighushi, sikatai. Lakini hebu tuangalie alighushi nini.

Ng'ambo ya St. Gallen, upande wa Austria, kuna mji wa Hohenems. Wayahudi waliishi pale tangu mwaka 1617, kwa hati ya mtawala wa mji. Walijenga sinagogi mwaka 1772, na Salomon Sulzer, yule mwimbaji wa ibada aliyekuja kuvuma Vienna, ni mzaliwa wa hapo. Baadaye wengi walihamia St. Gallen. Kwa familia hizo mpaka ulikuwa kitu cha kuvuka ukienda kusalimia ndugu. Isitoshe, mwaka 1923 mto Rhine, unaopita mpakani, ulichimbiwa mkondo mpya, mkondo wa zamani ukabaki na maji machache, na mpaka haukuhamishwa kutoka kwenye mkondo huo wa zamani. Ukifika Diepoldsau, kijiji cha ng'ambo ya pili, kwa kupitia majini, umeshaingia Uswisi.

Machi 1938 Hitler akaimeza Austria. Wayahudi waliokimbia kutoka Vienna wakaanza kufika Hohenems, wakitafuta pa kuvukia usiku. Agosti mwaka huohuo Uswisi ikafunga mpaka. Aliyekwisha kuingia aliweza kubaki, aliyechelewa akarudishwa. Oktoba, baada ya serikali ya Uswisi na ya Ujerumani kukubaliana, pasipoti za Wayahudi zikaanza kugongwa herufi J, ili askari wa mpakani awatambue mapema.

Sasa nisaidieni. Mtu aliyevuka mwanzoni mwa Agosti na aliyevuka mwishoni wana tofauti gani? Wametoka mji mmoja, wamefukuzwa na watu walewale, pengine hata ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni siku kwenye kalenda, na serikali iliamua kwamba siku hiyo itoshe kumtenga wa kuishi na wa kurudishwa kwa watesi wake. Grüninger akaigusa siku hiyohiyo. Aliandika kwamba watu wameingia kabla ya mpaka kufungwa. Hakuuza vibali. Hakuwapa majina ya bandia. Aliandika tarehe ya kumwezesha mtu kubaki hai, na makadirio ya waliookoka yanaanzia mamia hadi watu 3,600 hivi. Anayeniambia kosa lilikuwa kwenye kalamu ya Grüninger anieleze kwanza ile tarehe ya serikali ilikuwa na haki gani ya kuamua nani afe.

Walimfukuza kazi mwaka 1939, wakamtia hatiani mwaka uliofuata, wakamnyima pensheni. Alikufa mwaka 1972 akiwa maskini.

Wapo pia wanaoona mgeni wa Hohenems angetosheka na majumba yake mazuri, bila kusimuliwa habari za wakimbizi. Hapana. Jumuiya iliyojenga sinagogi lile ilivunjwa kwa nguvu chini ya Wanazi, na baada ya vita jengo likafanywa kituo cha zimamoto hadi lilipokarabatiwa mwaka 2004. Ukiondoa wakimbizi, utamweleza vipi mgeni waumini wake walikokwenda? Makumbusho ya Kiyahudi ya pale, yaliyofunguliwa mwaka 1991, yanasimulia habari za jumuiya na za wakimbizi pamoja, na yanastahili heshima yetu.

Na kwa jamaa yangu wa sheria ni sheria: mwaka 1995 kesi ilifunguliwa upya, na mahakama ya St. Gallen ikamfutia Grüninger hatia. Hiyo nayo ni sheria, na ndiyo hukumu ya mwisho kwenye faili lake.