Buibui Warukao wa Ziwa Victoria: Tuwaainishe kwa Udugu Wao

Katika nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, watu huwagawa buibui katika mafungu mawili bila kufundishwa na mtu. Kuna wale wanaotanda utando kwenye pembe za dari, ambao hufagiliwa kila nyumba inaposafishwa, na kuna yule mdogo mwenye vinyweleo anayetembea ukutani kwa mwendo wa kukatizakatiza, akisimama, akigeuka kumkabili anayemtazama, kisha akaruka. Mgawanyo huo si wa kudharauliwa. Umetokana na kuangalia jinsi viumbe wanavyoishi, na mtaalamu yeyote angekubali kwamba huyo wa pili ni wa familia ya pekee. Ninachokilalamikia ni kwamba ujuzi huo huishia hapo na shule zetu haziuendelezi: mwanafunzi hukariri kwamba buibui ana miguu minane, kwa hiyo hayumo katika kundi la wadudu, huandika hivyo kwenye mtihani, lakini hapewi nafasi ya kuuliza ni buibui yupi aliye ndugu wa yupi. Kwangu mimi swali hilo la udugu ndilo kiini cha uainishaji, na sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tuna sababu nzuri ya kuliuliza, kwa kuwa baadhi ya buibui warukao wa ukanda huu wamechunguzwa kwa makini ambayo viumbe wadogo wa Afrika hawayapati mara nyingi.

Buibui warukao wote wamo katika familia ya Salticidae, kubwa kuliko familia nyingine zote za buibui, yenye spishi zaidi ya 6,000 zilizokwisha kupewa majina katika jenasi zaidi ya 600. Kinachowatambulisha kwanza ni macho. Wanayo manane, lakini mawili ya mbele, yaliyo katikati ya uso, ni makubwa kuliko mengine na yametengenezwa kwa namna ya pekee: nyuma ya kila lenzi kuna mrija mrefu, na mwishoni mwa mrija huo kuna retina yenye tabaka nne, ambayo misuli midogo huisogeza huku na huku ili buibui akikague kitu bila kugeuza kichwa. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba Hasarius adansoni hupima umbali kwa kulinganisha picha iliyo wazi katika tabaka moja na picha yenye ukungu katika tabaka jingine. Walipomwondolea mwanga wa kijani na kumwachia mwekundu peke yake, aliruka akaangukia kabla ya kufika kwenye windo. Spishi hiyo, pamoja na Plexippus paykulli na Menemerus bivittatus, imeenea katika nyumba za watu kote tropiki, na zote tatu zilipewa majina kati ya mwaka 1826 na 1831. Kuhusu kuruka kwenyewe, nitasema kwa ufupi kwamba buibui hategemei mapaja manene kama ya panzi, bali huongeza ghafla msukumo wa kiowevu cha mwili ndani ya miguu ya nyuma, ikanyooka, naye akaondoka huku akiacha uzi wa hariri nyuma yake.

Namna ya kuwapanga buibui hawa imebadilika sana, na mabadiliko hayo yanafundisha jambo ambalo orodha ya majina peke yake haiwezi kulifundisha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Eugène Simon aliipanga familia hii kwa meno. Aliangalia ukingo wa nyuma wa taya, akawatenga wenye jino moja, wenye jino lililopasuka ncha, na wenye meno mengi. Simon alikuwa bingwa wa fani yake, na mpango wake ulikuwa rahisi kuutumia, kwa sababu mtu mwenye kioo cha kukuzia angeweza kuhesabu meno na kumweka buibui mahali pake. Kasoro yake ni kwamba meno hubadilika kwa urahisi katika nasaba zisizohusiana, hivi kwamba buibui wa Amerika ya Kusini na buibui wa Afrika wangeweza kuwekwa chungu kimoja kwa sababu tu kila mmoja wao, kwa njia yake, alifikia idadi ileile ya meno.

Uchunguzi wa DNA ulipoanza kutumika kwa wingi, makundi mengi ya zamani yalivunjika. Mwaka 2015 Wayne Maddison wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alichapisha mpango mpya unaofuata nasaba, wenye nusufamilia saba, yaani mafungu ndani ya familia, ambamo nusufamilia moja tu, Salticinae, imebeba sehemu kubwa mno ya spishi zote. Mpango huo ulidhihirisha pia jambo ambalo meno yalikuwa yamelificha, nalo ni kwamba matawi makubwa ya Salticinae yamefuata mabara: baadhi yamestawi zaidi katika nchi za Amerika, jingine katika Australia na maeneo ya jirani, na mengine katika Afrika, Ulaya na Asia. Wapo wanaonung'unika kwamba majina na makundi yakibadilishwa kila mara mwanafunzi atachanganyikiwa. Mimi naona afadhali mwanafunzi achanganyikiwe kwa muda kuliko kushika kwa uhakika jambo lisilo la kweli.

Mtu wa Mwanza hana haja ya kwenda mbali kuelewa jinsi meno yanavyoweza kuficha udugu, kwa sababu samaki aina ya furu wanalionyesha vilevile. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walifanya kazi ya miaka mingi katika Ghuba ya Mwanza, wakikuta furu wa kuponda konokono, furu wa kula samaki wenzao, furu wa kukwangua mwani kwenye miamba, kila mmoja na taya na meno yanayolingana na chakula chake. Mmoja wa samaki hao alipewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Nyerere, na leo hujulikana kama Pundamilia nyererei. Kwa kuangalia meno, furu fulani wa ziwa hili wangeweza kudhaniwa kuwa ndugu wa samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa wenye meno ya namna hiyohiyo. DNA inaonyesha kwamba furu wa Ziwa Victoria ni ndugu wa karibu sana wao kwa wao, na kwamba meno yanayofanana yalijitokeza upya katika kila ziwa. Laiti somo la uainishaji lingeanzia kwa furu na buibui hawa, sidhani kama lingekuwa la kukariri.

Sasa nije kwa buibui watatu wanaoishi katika ufuko wa ziwa hili, ambao wamechunguzwa hasa huko Mbita, upande wa Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Wa kwanza ni Portia africana, wa nusufamilia ya Spartaeinae, mwindaji anayekula buibui wengine na anayeweza kuingia katika utando wa mwenzake akautikisa kwa hila mpaka mwenye utando ajitokeze. Wa pili ni Myrmarachne melanotarsa na wa tatu ni Evarcha culicivora, wote wawili wa Salticinae, ingawa wa matawi tofauti. Ukimweka Portia kando ya Evarcha na kutazama macho yao ya pembeni, utaona jozi ya kati ambayo kwa Portia ni kubwa na bado inafanya kazi, ilhali kwa Evarcha imepungua ikawa vidoa vidogo visivyo na kazi kubwa. Hii ndiyo faida ya kulinganisha kwa kufuata udugu: macho makuu ya mbele ni urithi wa familia nzima, lakini kufifia kwa jozi ile ni alama ya tawi moja, na asiyejua udugu hawezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Evarcha culicivora anastahili kuelezwa kwa kirefu. Alipewa jina mwaka 2003 na Wanda Wesołowska wa Poland pamoja na Robert Jackson wa New Zealand. Ni buibui wa takriban milimita tano, rangi yake haivutii macho, na hukaa kwenye nyasi ndefu, magogo na kuta za majengo yenye mbu. Mwaka 2005 Jackson na wenzake walitangaza kwamba buibui huyu hupenda kula damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, na kwa kuwa mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi, huipata kwa kuwakamata mbu jike walioshiba damu. Katika ufuko ambako wadudu wa ziwani wasiouma huinuka kwa mawingu mazito, kumchagua mbu jike mwenye damu kati ya maelfu ya wadudu wanaofanana naye ni kazi ngumu, lakini buibui huyu huifanya kwa macho peke yake na pia kwa harufu peke yake. Majaribio yaliyotumia mbu waliokufa na kugandishwa katika mikao mbalimbali, pamoja na picha za kompyuta, yalionyesha kwamba huangalia tumbo lililojaa na kuwa jekundu, tena hukagua vipapasio, kwa kuwa vya mbu dume vina manyoya mengi kuliko vya jike. Huwapendelea zaidi mbu wa jenasi ya Anopheles, wale waenezao malaria, ambao hutua wakiwa wameinua tumbo juu, na vitoto vya buibui huyu huzunguka ili kumfikia Anopheles kwa nyuma, chini ya tumbo hilo lililoinuliwa.

Huvutwa pia na harufu ya binadamu: jaribio lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba hukaa muda mrefu zaidi mahali penye harufu ya soksi zilizovaliwa kuliko penye soksi safi. Zaidi ya hayo, buibui aliyekula mbu mwenye damu hupata harufu inayomvutia mwenzake wa jinsia nyingine, basi damu ikawa imeingia hata katika uchumba wao. Evarcha wengine kadhaa waliokwisha kulinganishwa naye hawana uteuzi huo wa damu, na ndiyo maana nasisitiza kulinganisha: tabia hii haikurithiwa kutoka kwa jenasi nzima, bali imezuka katika spishi hii, na swali la kwa nini imezuka hapa ziwani haliwezi hata kuulizwa na anayeishia kusema "buibui".

Myrmarachne melanotarsa, aliyepewa jina mwaka 2002, ana habari nyingine kabisa. Mwili wake mwembamba na mwendo wake vinaiga sisimizi wa jenasi Crematogaster, na huinua miguu ya mbele akiipunga kana kwamba ni vipapasio. Wengi wa buibui warukao huishi peke yao, lakini huyu huishi kwa makundi, viota vyao vikiunganishwa kwa hariri, hivyo wawindaji wanaoogopa sisimizi huliogopa kundi zima kuliko wanavyomwogopa mmoja. Tena hutumia sura hiyo kuingia katika viota vya buibui wengine na kula mayai na watoto wao.

Kuna jambo moja linalonisumbua. Habari za Evarcha zinapofika kwenye simu za watu, huja na kichwa cha habari kinachodai kwamba buibui huyu atamaliza malaria. Hakuna utafiti uliothibitisha hilo, na familia yenye watoto isiache chandarua kwa ajili ya buibui aliyeko ukutani. Thamani yake haihitaji ahadi hiyo. Ninachokiomba kwa walimu wa biolojia wa Ilemela, Nyamagana, Sengerema na Ukerewe ni kidogo kuliko ahadi hiyo: wanafunzi wafundishwe kukusanya na kuhifadhi vielelezo kama wafanyavyo wataalamu. Buibui mmoja katika kichupa cha spiriti asiye na maandishi hana faida kwa mtu. Akiwa na kikaratasi ndani ya kichupa, kilichoandikwa kwa penseli kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti, chenye tarehe, kijiji, mahali alipokutwa na jina la mkusanyaji, anaweza kutumiwa na mtafiti hata baada ya miaka mia. Wakusanye madume na majike waliokomaa, kwa sababu spishi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi, yaani palpi za dume (viguu vidogo vya kando ya mdomo) zilizovimba nchani na sahani ngumu iliyo chini ya tumbo la jike, ilhali watoto wasiokomaa mara nyingi hawawezi kutambulika kwa macho. Na waandike alikuwa anakula nini alipokamatwa.