Sahihi haithibitishi kifaa kiko wapi

Mwandishi, hongera kwa habari ya mpango wa kuwapa waongoza watalii wa Kilimanjaro vifaa vya kupokezana ujumbe bila mnara. Lakini suala la usalama umelipitia juu juu, eti kila ujumbe utatiwa sahihi ya kidijitali. Sisi wa Moshi ndugu zetu ndio wanaopanda huko, naomba tuliangalie vizuri.

Njia hii ya kupokezana waliieleza watafiti wa kompyuta Brad Karp na H. T. Kung mwaka 2000: kila kifaa hutangaza kilipo, na ujumbe hupewa jirani aliye karibu zaidi na mwisho wa safari. Sasa mtu amezidiwa kambi ya Kibo, mita 4,720, ujumbe wa kuomba machela unashuka kuelekea geti la Marangu. Kifaa kimoja kikidai kiko chini kuliko wenzake, kitapewa ujumbe na kuumeza, huku juu wanasubiri watu ambao hawajaitwa. Sahihi inaonyesha nani kasema, basi.

Dawa ipo: kifaa cha kupimia kikiulize kifaa kingine na kupima muda wa jibu, umbali unajulikana. Mawimbi ya redio huenda mita 300 hivi kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwongo anaweza kuchelewesha jibu aonekane mbali, ila hawezi kuliwahisha aonekane karibu. Akizungukwa na wapimaji watatu, akijisogeza mbali na mmoja anamkaribia mwingine, anakamatika. Kwenye njia nyembamba ya mlimani kuwapanga hao watatu ni kazi kweli, kwa hiyo waandaaji watuambie watawaweka wapi. Na majaribio yafanyike kati ya kambi za Horombo na Kibo, kifaa kimojawapo kikiwa kimepewa kazi ya kudanganya.