Tuachieni chupa zetu, tuleteeni glasi safi

Mtu akishakaa Ulaya miaka miwili mitatu, akirudi likizo anaanza kuwafundisha watu kunywa. Atakaa kwenye baa ya mtaani kwao, mhudumu atafungua bia, naye atauliza kwa sauti ya kusikika hadi meza ya tatu: "Kwani hii haina glasi yake?" Wenzake watamtazama, watacheka kidogo, halafu wataendelea kupiga tarumbeta, mdomo kwa chupa. Usiku huohuo anaingia kwenye kundi la familia kuandika kwamba sisi hatuna utamaduni wa vyombo.

Mimi naishi Gent, Ubelgiji, na ni vigumu kumpata binadamu anayeitetea glasi kama Mbelgiji. Kwa hiyo msinione kama mtu anayepinga glasi. Ila huyo ndugu amekosea, tena amekosea jambo ambalo mtu aliyekulia Tanzania hakupaswa kulikosea.

Tuanze na huku. Ukiagiza bia kwenye baa ya Ubelgiji, nusu ya kazi ya mhudumu ni kutafuta glasi. Duvel inakuja kwenye glasi yenye tumbo na shingo iliyobanwa, kubwa ya kutosha chupa nzima ya sentilita 33 pamoja na povu lake. Orval, bia ya watawa, ina kombe zito la mdomo mpana lenye mguu, ungedhani limetoka altareni. Kwak ndiyo kichekesho: glasi yake ina kitako cha mviringo, haiwezi kusimama yenyewe, kwa hiyo inaletwa imeshikiliwa na kibao cha mbao. Glasi za bia uliyoagiza zikiwa zote zinatumika, mhudumu muungwana hakuletei bia hiyo kwenye glasi nyingine kimyakimya, anarudi kwanza kukuuliza kama unakubali. Hapahapa Gent, kwenye uwanja wa Vrijdagmarkt, kuna baa iitwayo Dulle Griet. Ukitaka bia yao ya glasi ndefu ya lita 1.2 unavua kiatu kimoja, kinatiwa kwenye kikapu na kuvutwa juu hadi darini, na hukioni tena mpaka glasi irudi. Watalii wanapiga picha. Mimi nakumbuka maduka ya kwetu, ambako huondoki na soda ya chupa mpaka uache chupa tupu. Dhamana ni dhamana.

Watu hawa hawafanyi mzaha. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa, je, glasi inabadilisha kinywaji kweli, au ni maonyesho? Yote mawili yapo, na anayetaka kununua glasi inafaa ajue maonyesho yanaanzia wapi.

Mguu wa glasi una kazi. Kiganja kina joto, mvinyo mweupe unataka ubaridi, kwa hiyo unashika mguu ili usiupashe moto kinywaji chako mwenyewe. Mdomo uliobanwa nao una kazi, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inapitia puani. Mwaka 2015 watafiti wa Tokyo walitumia kamera inayoonesha mvuke wa pombe. Kwenye glasi ya mvinyo, mvinyo ukiwa kwenye nyuzi 13, mvuke ulijikusanya kama pete pembezoni mwa mdomo na kuacha katikati pepesi, mahali hasa pua inapoingia. Kwenye glasi iliyonyooka pete hiyo haikuonekana. Shampeni wanaimimina kwenye glasi nyembamba ndefu kwa sababu uso mdogo unatoa gesi polepole. Na viputo vyenyewe, kama alivyoonesha mwanafizikia Gérard Liger-Belair wa Reims, Ufaransa, vinazaliwa zaidi kwenye vinyuzi vidogo vya vumbi na kitambaa vilivyobaki ndani ya glasi. Glasi ya Duvel imechongwa herufi D kwenye kitako kwa ndani kwa sababu hiyohiyo: mikwaruzo inatoa viputo mfululizo, povu halikauki juu.

Maonyesho yanaanza pale muuzaji anapokwambia kwamba glasi fulani inapeleka mvinyo kwenye ncha ya ulimi penye utamu, na nyingine pembeni penye uchachu. Ile ramani ya ulimi tuliyoichora shuleni ni uongo. Ilitokana na utafiti wa Mjerumani Hänig wa mwaka 1901 ambao baadaye ulisomwa vibaya, na leo inajulikana kwamba sehemu zote za ulimi zinazoonja zinaonja ladha zote. Anayekuuzia glasi kwa ramani hiyo anakuuzia kioo kwa bei ya hadithi.

Turudi nyumbani, kwenye kahawa. Muuza kahawa wa pwani anapita na dele lake juu ya makaa, mkono mmoja unagonganisha vikombe hata usipomwona unajua amefika. Vikombe vyenyewe vidogo, havina mkono, unavishika kwa ncha za vidole. Kahawa ni chungu, nzito, ya moto. Mtu akuletee kahawa hiyo kwenye kikombe kikubwa cha chai, itapoa kabla barazani hawajamaliza hata habari ya mechi ya jana, na kahawa chungu iliyopoa hainyweki. Kikombe kidogo unakimaliza ikiwa moto, unaongezwa, unakula kashata, unaongezwa tena.

Nenda Köln, Ujerumani, uone walichofanya na bia yao ya Kölsch. Glasi yake ni nyembamba, imenyooka, inachukua desilita mbili tu. Bia hiyo ikikaa inapoteza povu na ubaridi, ndiyo maana inakuja kidogokidogo. Mhudumu anapita na sinia la duara lenye mashimo ya glasi, akiona yako tupu anakuwekea nyingine bila kuulizwa, anachora mstari kwenye kile kikaratasi kigumu kilicho chini ya glasi. Ukitosheka unaweka kikaratasi juu ya glasi. Mwaka 1986 viwanda vya mji huo vilitia saini makubaliano kuhusu bia hiyo, na glasi imetajwa humo. Yule ndugu yetu wa likizo akiyaona hayo anaita utamaduni. Mzee wa barazani anayeongezwa kahawa mara nne kwenye kikombe kidogo cha kaure, huyo hana jina.

Na si kahawa peke yake. Dafu lina chombo chake na halihitaji maelezo. Mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi, ulezi na ule uchungu wa gome la msesewe, shemeji yangu wa Rombo hawezi kukupa kwenye bilauri ya kioo ukiwa mgeni wake. Inakuja kwenye kata, aliyeiandaa anaonja kwanza mbele yako, kisha inazunguka. Ile kuonja kwanza ndiyo inayonipeleka kwenye chupa.

Kwa nini mtu wa kwetu anakunywa bia kwenye chupa, hata pale glasi ipo? Msikilize mhudumu. Swali la kwanza ni "baridi au ya moto?" La pili halipo, kwa sababu analitimiza kwa vitendo: analeta chupa imefungwa, unaigusa uhakikishe ubaridi wake, anafungua mbele ya macho yako. Baa nyingi chupa tupu zinabaki mezani mpaka bili ije, mnazihesabu pamoja na ugomvi unaisha kabla haujaanza. Chupa inakwambia ni kinywaji gani, kiasi gani, na kwamba hakuna mkono uliopita humo kabla yako.

Mjerumani ameyatatua maswali hayohayo kwa kioo. Sheria yao inadai glasi ya kuuzia bia au mvinyo iwe na mstari wa kipimo na tarakimu kando yake. Bia ikiwa chini ya mstari unairudisha, na hakuna atakayekuona mkorofi. Hata lile jagi la lita moja la Oktoberfest lina mstari. Kwa hiyo yeye anaweza kuletewa kinywaji kilichomiminwa nyuma ya kaunta, asikokuona, na akanywa kwa amani. Chupa ndiyo mstari wetu. Ukitaka watu waiache, lete kwanza kitu kingine cha kuwapa uhakika huohuo, halafu ndiyo uje na habari za umbo la glasi.

Kuna sababu moja zaidi, nayo inaniuma: glasi zetu mara nyingi si safi. Sisemi zina uchafu wa kuonekana. Zimeoshwa kwenye beseni lilelile la sahani za samaki, zimefutwa na kitambaa kilichofuta meza, zimefunikwa kwenye rafu ya mbao. Kunusa tu unajua mchana paliuzwa nini. Mafuta kidogo tu yanaua povu la bia papo hapo, mabaki ya sabuni vilevile, na harufu ya kabati inaingia kwenye kinywaji chochote. Mteja mwenye akili timamu anaiangalia glasi hiyo, anaigeuza, anaiweka kando, anakunywa kwenye chupa. Hapo ni yeye aliyechagua chombo sahihi.

Hili ndilo ningelibeba kutoka Ubelgiji kama lingeingia kwenye sanduku. Kabla ya kumimina, mhudumu wa hapa anaisuuza glasi iliyokwisha kuoshwa kwa maji baridi safi, anamimina ikiwa bado imelowa. Masalia ya sabuni yanaondoka, glasi inapoa kidogo, bia inateleza ndani bila kuchafuka povu. Haigharimu kitu zaidi ya bomba la maji. Maumbo arobaini ya glasi waachie wenyewe.

Nyumbani nako ni vilevile. Karibu kila sebule ina kabati la vyombo lenye glasi za wageni, za dhahabu mdomoni, zinazotoka Idi au Krismasi. Familia inakunywa juisi ya ukwaju kwenye vikombe vya plastiki ambavyo vimeshika harufu ya ukwaju wa mwaka jana. Geuzeni mambo: toeni za kioo zitumike kila siku, za plastiki wapeni watoto wakachezee mchanga.

Kwa mnaoniuliza mnunue zipi, jibu langu ni fupi kuliko mnavyotaka. Glasi iliyonyooka, nene kiasi, kwa maji, juisi, soda na bia. Glasi yenye mguu na mdomo uliobanwa kidogo, kwa mvinyo wa rangi zote, na hata kwa bia nzito ukiipata. Vikombe vidogo vya kahawa, mnavyo tayari. Chai ya moto msiimimine kwenye kioo kinene cha kawaida: ndani kinapata moto na kutanuka kabla nje hakijajua, ndipo kinapasuka. Seti yenye aina nane za glasi inauzwa kwa ajili ya kabati.

Na hiyo iliyonyooka nina sababu nyingine ya kuipendelea. Watafiti wa Bristol, Uingereza, walionesha mwaka 2012 kwamba watu walimaliza bia iliyo kwenye glasi yenye kiuno kwa dakika 7 hivi, na ileile kwenye glasi iliyonyooka kwa dakika 11. Kwenye glasi ya kiuno nusu haionekani vizuri, mtu anadhani bado. Kwetu tuliwahi kuiona nguvu ya chombo kwa njia ngumu zaidi: konyagi na nduguze kwenye vipakiti vya plastiki, viroba, vilivyoingia mfukoni hata mwa mwanafunzi, mpaka serikali ikavipiga marufuku mwaka 2017. Pombe ilibaki ileile, kilichoondolewa ni kifungashio.

Kwa wenye baa, basi, ombi langu ni dogo. Glasi ziwe na beseni lake, lisiloingia sahani. Zisuuzwe kwa maji yanayotiririka, zianikwe kichwa chini kwenye waya ambako hewa inapita, vitambaa mviweke mbali. Chupa ije imefungwa, ifunguliwe mbele ya mteja, na glasi iliyolowa iwekwe pembeni yake. Amimine mwenyewe akitaka, na asipotaka msimkodolee macho.