Na cheti cha kifo anafuatilia nani?

Msiba wa kwetu hauna pengo. Mtu akikata roho asubuhi, mpaka adhuhuri turubai limeshafungwa, viti vimeshashushwa, kuna mwenyekiti wa kamati, kuna mhazini na daftari lake la rambirambi, kuna wa jeneza au sanda, wa Coaster, wa kuongea na wachimba kaburi, na mama mmoja mwenye sauti anayegawa zamu za jikoni. Hata wa kwenda kununua majani ya chai anajulikana. Nimekaa kwenye kamati hizi mara nyingi sana, na sijasikia hata siku moja mtu akiuliza: na cheti cha kifo anafuatilia nani?

Mimi mwenyewe sikuuliza alipofariki baba mdogo. Alifia hospitali Dar es Salaam, tukamsafirisha kwenda kuzikwa Upareni. Hospitali walitupa karatasi, ile ile tuliyoitumia kumtoa mochwari, na kwa kuwa njiani tungeweza kusimamishwa, ikakabidhiwa kwa kijana aliyekaa mbele na dereva. Tukazika, tukala, tukalia. Gari la kukodi likarudi Dar na karatasi yetu ikiwa kwenye kidroo cha mbele, chini ya risiti za mafuta. Hatujaiona tena mpaka leo.

Miaka miwili baadaye mama mdogo akaenda kuulizia mafao. Akaambiwa alete cheti. Akaenda wilayani, kule tulikozika, akaambiwa kifo husajiliwa pale kilipotokea, si pale lilipo kaburi. Akapanda basi mpaka Dar. Hospitali wakafungua madaftari na hawakumpata, kwa sababu usiku ule jirani aliyemkimbiza alitaja jina analolijua yeye, la mtaani. Kwenye kitambulisho cha NIDA ana majina matatu, benki ana mawili, hospitali ana moja ambalo hata mama yake mzazi hakumpa. Ikabidi kiapo kwa wakili kueleza kwamba watu hawa wote ni mtu mmoja. Kila ofisi ilimtuma kwenye ofisi nyingine, na kila safari ilikuwa na nauli yake. Ndiyo maana naandika.

Utaratibu wenyewe, ukiufuata mapema, si mgumu hata kidogo. Kwa Tanzania Bara wenye kazi hii ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na wilayani ofisi yao huwa kwa mkuu wa wilaya, kwa kuwa katibu tawala ndiye msajili. Zanzibar wana wakala wao. Kifo kikitokea hospitali, hospitali ndiyo inayotoa taarifa ya kifo, na hiyo ndiyo karatasi ya kushika kama unavyoshika hati ya nyumba. Kikitokea nyumbani, unaanza kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, naye anakupeleka kwa mtendaji wa kata. Ikiwa ni ajali au kifo chenye utata, polisi na daktari wanaingia kwanza. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Baada ya hapo hujafungiwa mlango, ila unaitwa mchelewaji, na mchelewaji anaulizwa ushahidi ambao mwenzake hakuulizwa.

Siku hizi maombi yanafanyika pia mtandaoni kwa mfumo wa eRITA: unafungua akaunti, unajaza, unapakia viambatisho, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Kwa familia kama yetu, inayofia Dar na kuzikwa mkoani, hili ni jambo kubwa. Lakini mfumo haujui kurekebisha jina. Kwa hiyo kabla hujajaza, weka mezani kitambulisho cha marehemu, kadi yake ya benki na hati ya kiwanja kama ipo, uone jina linaandikwaje kwenye kila kimoja. Na kama bado mko hospitali, soma ile karatasi kabla hujaondoka dirishani. Herufi moja ikikosewa, pale pale karani anaandika nyingine. Baada ya mwaka utasafiri kwa ajili yake.

(Cheti chenyewe kikitoka, usimwachie mtu kile halisi. Toa nakala, zithibitishwe, ugawe hizo. Nimeona cheti halisi kimelala kwenye faili la benki miezi sita huku mahakama inakisubiri.)

Sasa, kwa nini tunachelewa? Watu husema ni uzembe, au ofisi zina usumbufu. Usumbufu upo, siukatai. Lakini mimi naona sababu kubwa ni aibu. Kwetu, anayetaja karatasi wakati turubai bado limesimama anaonekana amekuja kutafuta mali. Mjane akiuliza cheti wiki ya pili, mawifi wanatazamana. Mtoto mkubwa akiuliza, wadogo zake wanaanza kuhesabu viwanja. Basi kila mtu anajizuia ili asionekane yeye ndiye mwenye haraka.

Halafu kalenda zetu hazioani na ya serikali. Sheria inasema siku 30. Sisi wengine tunangoja arobaini ndipo ukoo ukae. Mjane wa Kiislamu yuko kwenye eda, miezi minne na siku kumi, na si wa kutumwa kwenda kupanga foleni. Kwa hiyo siku ambayo ukoo unakaa kwa mara ya kwanza kuzungumza mambo ya marehemu, muda wa kawaida wa kutoa taarifa umeshapita zamani. Sisemi tufute arobaini. Nasema cheti hakina uhusiano na arobaini. Kusajili kifo si kufungua mirathi. Mirathi ina kikao chake, muhtasari wake, msimamizi wake, na Mahakama ya Mwanzo au nyingine itakayohusika. Cheti kinasema jambo moja tu: mtu huyu alifariki siku fulani, mahali fulani. Hakigawi hata kijiko. Na huwezi kufika mahakamani, wala kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, wala benki, bila hicho. Kwa hiyo ukoo unaojisifu kwa subira mara nyingi unamsubirisha mjane na ada za watoto.

Kinachonishangaza ni kwamba kutangaza kifo tunajua kuliko mtu yeyote. Waliokulia na Redio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka matangazo ya vifo: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha nani, mazishi lini, halafu ule mstari ambao nyumba nzima hunyamaza kuusikiliza, "habari ziwafikie". Ziwafikie fulani wa Tanga, fulani wa Tabora, mwalimu fulani wa shule fulani, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Ukoo mzima ulisomwa kwa majina na mahali. Kama mtu angekuwa ananakili, tungekuwa na vitabu vya nasaba vya nchi nzima. Lakini sauti ilipita hewani ikaisha.

Tanzia za magazetini zimebaki, na hapa ndipo anayetafuta habari za wazee wake apapasie. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina magazeti ya zamani, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu yake ya East Africana. Nenda ukijua angalau mwaka, ikiwezekana na mwezi, la sivyo utafungua kurasa mpaka macho yaume. Tafuta pia za kumbukumbu, zile za "mwaka mmoja tangu ututoke", maana mara nyingi zinataja tarehe ya kifo kamili kuliko tanzia yenyewe. Kwa Wakristo, parokia na usharika huwa na daftari la waliozikwa. Kwa babu aliyefariki wakati wa Mwingereza usitegemee sana cheti. Sheria ya usajili ya mwaka 1920 ilianza kwa kuwalazimisha wageni, Mwafrika hakulazimishwa, na wengi wetu tumerithi pengo hilo.

Tanzia haiwi cheti, hilo lieleweke. Ila ina tarehe, ina hospitali, ina majina ya watoto, na unapojieleza mbele ya karani asiyekujua, mambo hayo yanakusaidia kujua pa kuanzia. Sisi iliyotuokoa ilikuwa picha ya tanzia ya WhatsApp, ile yenye mishumaa na waridi, shangazi alikuwa ameichapisha steshenari akaibandika ukutani. Wengine wote tulikuwa tumeshabadilisha simu. Juu yake palikuwa na tarehe na jina la hospitali, na kwa tarehe ile karani alirudi kwenye daftari la usiku ule, akashuka na kidole mpaka kwenye lile jina la mtaani.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba mwingine, Mbagala. Mhazini alipomaliza kusoma orodha, turubai, viti, mchele, maji, Coaster mbili, nikanyoosha mkono nikasema ongeza cheti. Kimya. Mjomba mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina haraka ya kwenda wapi. Nikamjibu sina, ila karatasi ya hospitali naomba niione. Ikazunguka mikononi, ikatokea kwenye mkoba wa binamu yangu wa mwisho, imekunjwa mara nne. Tukaisoma pamoja chini ya taa ya turubai. Jina la baba wa marehemu lilikuwa limekosewa herufi mbili, na hospitali ilikuwa kituo kimoja tu cha daladala kutoka pale.