Mikono ilibadilika, mioyo ikabaki palepale

Neno "igizo" linawaponza watetezi wa mafunzo yanayowazoeza polisi, kwa maigizo, kuwakabili wagonjwa wa akili. Mtu akisikia askari polisi wanafundishwa kwa maigizo anafikiria jukwaa na makofi, kisha anauliza kodi yake imeenda wapi. Ndiyo maana natamani habari ya Edmonton, Kanada, ijulikane zaidi.

Askari 663 wa jiji hilo walipewa siku moja tu. Waliingizwa katika matukio sita, wakakutana na waigizaji waliofunzwa kuwa watu waliozidiwa na maradhi ya akili. Hapo hakuna maneno ya kukariri. Askari akifoka, yule aliyejikunyata ukutani anazidi kuchachamaa. Akirudi nyuma hatua mbili na kumuuliza jina lake, pumzi zinaanza kushuka. Tukio likiisha, mwigizaji mwenyewe anamweleza askari ni neno gani lilimtuliza na ni mkono upi uliomtia hofu. Darasani hutayapata hayo.

Gharama ilikuwa dola 120 kwa kila askari. Katika miezi sita iliyofuata, askari walizidi kutambua kwamba wanayemkabili ni mgonjwa, na matumizi ya nguvu na silaha dhidi ya wagonjwa yakapungua. Ila mitazamo ya askari kuhusu wagonjwa hao ilipopimwa, haikuwa imebadilika hata kidogo.

Wapinzani wameling'ang'ania hilo: moyo ni uleule, basi mmefundisha nini? Nimelirudia mara nyingi, na kila mara naona ndilo jambo zuri kuliko yote. Kijana aliyeshika kisu jikoni kwa mama yake hahitaji kupendwa na askari. Anahitaji dakika tatu asifokewe. Tungesubiri mioyo ibadilike kwanza, tungezika wangapi?

Hofu nyingine ni kwamba upole utamponza askari. Louisville, Marekani, ilifundisha polisi wake kutuliza hali mwaka 2019, maigizo yakiwemo. Matumizi ya nguvu yalipungua kwa asilimia 28 na raia walioumia kwa 26. Askari walioumia walipungua kwa 36, yaani upungufu mkubwa kuliko yote ulikuwa upande wao.

Hatari ipo, siikatai. Huko Punta Gorda, Florida, mwaka 2016, mwanamke wa miaka 73 aliuawa katika igizo la polisi mbele ya wananchi wenzake, kwa sababu bastola ilikuwa na risasi za moto. Bastola yenye uwezo wa kufyatua risasi haikupaswa kuwa mahali pale.

Kinachonisumbua zaidi ni Louisville ileile. Machi 2020, baada ya saa sita usiku, polisi walivunja mlango wa mwanamke aliyeitwa Breonna Taylor wakiwa na hati ya upekuzi, na akauawa nyumbani kwake. Aliyepanga kuvunja mlango saa hiyo alikuwa amekwisha kuziondoa zile dakika tatu. Yeye naye aingizwe katika igizo, akae upande wa ndani wa mlango.